Maranda ya Kalamu

Karachi, 20 Novemba 1996

Wifi yangu Talat,

Kwanza nimalizane na msomaji. Baba, nakubusu mkono. Najua ni wewe unayemsomea Talat barua hii, kwa hiyo soma yote kwa sauti, usiruke pale ninapokusema.

Sasa wifi. Huku hatujambo, ila goti langu la kulia limeamua kuzeeka peke yake bila kunisubiri. Mumeo Wasif ameniandikia kutoka Maskati kwamba mkataba wake umeongezwa mwaka mmoja, maana yake mwaka mwingine utakaa na mzee peke yako. Pole mwaya. Namjua yule. Akikuambia hasikii baridi, anakudanganya. Akikuambia ameshakula, nenda kaangalie sahani.

Nina jambo moja ulitie moyoni. Chumbani kwake, juu ya kabati, kuna mfuko wa kitambaa cheusi uliofungwa kwa uzi mwekundu. Umejaa maranda, yale anayoyatoa akichonga kalamu zake za mwanzi. Alianza kuyaweka akijifunza hati, ile sanaa ya mwandiko, akiwa na miaka kumi na miwili, na leo ana sabini na tisa, hajatupa hata kipande. Waandishi wa hati wa zamani hapo Laknau ndivyo walivyofanya wote. Siku mmoja wao akifa, maji ya kumwoshea yanachemshwa kwa maranda yake mwenyewe, ya kalamu zilizoandika kweli, si kwa kuni nyingine. Wewe umetoka Barabanki, kwenu hakuna mwandishi wa hati, na ndani ya nyumba ile hujamaliza miaka miwili. Ndiyo maana nakuambia. Usiuguse, usiusogeze, hata ukifagia.

Mimi pia ninao wangu, tangu aliponipa kalamu ya kwanza nikiwa na miaka saba. Marehemu mume wangu alikuwa akiniuliza kama nafuga panya humo ndani.

Nasikia gazeti analoliandikia Baba kwa mkono limenunua kompyuta. Baba, ni kweli? Au ni maneno ya mtaani tu?

Wifi yako,
Anjum Ara


Laknau, 2 Januari 1997

Dada Anjum,

Mimi nasema, Baba anaandika. (Anasema nipunguze kasi, hapa si sokoni.)

Barua yako ilichelewa sana njiani, imetufikia tarehe 29 Desemba. Usiogope nikikuambia haya, maana yamepita. Katikati ya Desemba Baba alishikwa na homa, siku nane mfululizo. Ukungu ulikuwa mzito, ng'ambo ya uwanja huoni mlango. Daktari alikuja mara mbili, mara ya pili akanivuta pembeni akaniambia nimwandikie Wasif. Asubuhi ya tarehe 26 Baba akasema anataka kuoga maji moto. Nikamchemshia. Akaoga, akavaa, akaketi kwenye mkeka wake, akaomba kalamu. Tangu siku hiyo hana homa, hana kikohozi, na ule mkono uliokuwa ukitetemeka umetulia. Tazama mwenyewe mistari hii.

(Anasema: mwambie sihisi baridi hata kidogo. Mwambie safari hii sidanganyi.)

Kuhusu gazeti ni kweli. Walimpa shali na shada la maua, wakamrudisha nyumbani kwa heshima zote. Lakini sasa anaandika kuliko zamani! Anasimama mlangoni anawauliza majirani kama wana ndugu wa kuwaandikia. Juzi amemwandikia muuza mboga barua ya kwenda kwa mjomba wake. Yule akasema, "Munshi, mjomba wangu alishakufa." Baba akamwambia, "Tutamwandikia hivyohivyo."

Mfuko upo palepale.

Mdogo wako,
Talat


Karachi, 26 Januari 1997

Wifi yangu, na Baba yangu,

Nimecheka, nimelia, nimewaita majirani waje kuona. Baba, mwandiko huu ni ule wa kadi zangu za harusi! Miaka thelathini imerudi nyuma. Nimewaonyesha wasichana ninaowafundisha hati hapa, nikawaambia huyu ana miaka karibu themanini na ametoka kitandani juzi, na nyinyi vijana mistari yenu inapanda na kushuka mabondeni. Wamenuna.

Jambo moja lilinishangaza. Nilipopitisha kidole juu ya jina langu, wino ulinishika. Barua imesafiri wiki tatu, imepita mpaka na mikono ya askari, na bado wino mbichi kana kwamba imeandikwa asubuhi ile. Niliianika juani darini kutwa nzima. Bado. Baba, umechanganya nini kwenye wino? Mimi natia marashi ya waridi kama ulivyokuwa ukinikataza, na wangu unakauka vizuri tu.

Saumu njema. Talat, mlazimishe afungulie kwa maziwa, si kwa tende moja tu.

Anjum Ara


Laknau, 18 Februari 1997

Dada Anjum,

Barua hii hutaweza kuisoma, na ndiyo maana nimeiandika hivi. Ukiifungua utaona maandishi ya Kihindi, yale tuliyofundishwa shuleni Barabanki. Mimi na wewe tunasema lugha moja, ungenisikia ungenielewa neno kwa neno, lakini wewe unaiandika kutoka kulia na mimi kutoka kushoto. Barua zangu zote anaandika Baba. Hii haiwezi kupita mkononi mwake. Simu nayo ipo dukani kwa kinyozi Bundu, na mtaa mzima huwa umekaa pale kusikiliza. Tafuta mtu akusomee. Tafuta mtu mtulivu.

Dada, mfuko haupo. Niliuchoma mimi.

Ile asubuhi ya tarehe 26, makaa yalikuwa yamelowa, kuni mbichi, mafuta ya taa yamekwisha, na mzee anatetemeka mpaka meno yanagongana. Niliingia chumbani kwake kutafuta chochote cha kuwashia. Nikauona. Nikafungua, nikaona takataka za mwanzi zilizokauka, nikasema Mungu kaniletea. Hakuna aliyekuwa ameniambia! Barua yako ilifika siku ya tatu yake. Moto ule haukutoa moshi hata kidogo. Maji yalichemka upesi kuliko kawaida, na yalinuka wino.

Baba alipotoka kuoga alinitazama sana. Akaniuliza, "Umechemshia nini?" Nikasema, "Kuni, Baba." Akasema, "Kuni nzuri." Basi. Barua yako ilipokuja akanisomea yeye mwenyewe kwa sauti, mpaka pale pa mfuko, wala sauti haikubadilika. Mimi nilikuwa nakata karoti, nikajikata kidole. Akaikunja barua akasema, "Haya, tumjibu. Sema mfuko upo palepale." Ni yeye aliyeniambia niseme hivyo.

Sasa nikueleze hali halisi. Halali. Sisemi analala kidogo, nasema halali. Ramadhani yote hakula daku wala hakufuturu. Tende niliyomwekea siku ya kwanza ilikuwepo sahanini mpaka Idi. Anatafuna tambuu kama zamani, lakini midomo yake haiwi nyekundu, na anachotema ni majani ya kijani kama ya mbuzi. Kinyozi Bundu amekuja Ijumaa sita, kila mara anaondoka na mkasi wake bila kufanya kazi, maana ndevu haziongezeki. Kucha haziongezeki. Na asubuhi za ukungu, dada, sisi sote tukisema tunatoa moshi mdomoni. Mimi, muuza maziwa, hata mbuzi wa jirani. Baba hatoi.

Nampenda mzee huyu. Amenitendea mema kuliko baba aliyenizaa. Naogopa kuwa naye jikoni. Nisamehe, na uniambie la kufanya.

Talat


Karachi, 15 Machi 1997

Talat,

Hii anaandika Mzee Kewalram, muuza maua mbele ya hekalu la Wahindu karibu na soko letu. Nilizunguka siku tatu na barua yako nikitafuta mtu wa kuisoma. Mimi nasema, yeye anaandika maandishi yenu, kwa hiyo usome mwenyewe, na ukimaliza uitie motoni. Huo moto ndio unaoujua vizuri.

Samahani. Nilijiapiza nisiseme hivyo, nimesema.

Nilikulaani, Talat. Kutoka kwenye kibanda cha maua mpaka nyumbani kwangu nilikulaani wewe na Barabanki yenu yote. Mzee Kewalram aliposoma pale pa kucha alivua miwani, akasema macho yamechoka, nikajua si macho. Nikamwambia amalize. Alimaliza akiwa amesimama.

Usiku nikafikiri vingine. Mimi ndiye niliyekaa miaka kumi na tisa sijakanyaga Laknau tangu mazishi ya Mama. Mimi ndiye niliyeandika onyo Novemba ilhali uliingia nyumba ile kama bibi harusi mwaka juzi. Ningeweza kukuandikia siku ya kwanza. Mzee alitetemeka, wewe ukamchemshia maji. Mimi sikuwepo hata kumshikia taulo.

Kwa hiyo acha kulia na ufanye hivi. Anajua, hilo liko wazi. Basi usizunguke naye. Mwulize anataka nini. Mwambie Anjum ndiye anayeuliza.

(Mzee Kewalram anasema nikuambie kwamba kwao pia mtu akioshwa hawezi kurudi kukaa barazani. Nimemwambia aandike ninayosema mimi tu.)

Anjum Ara


Laknau, 11 Aprili 1997

Binti yangu Anjum,

Leo hakuna anayesema, naandika mwenyewe.

Mke wa ndugu yako aliniuliza swali lako huku akikanda unga, na machozi yake yakawa yanadondokea humo. Nikamwambia, inatosha chumvi. Akacheka, akalia zaidi. Usimlaumu tena. Niliposikia harufu ya maji yale nilijua, na nilikuwa bado sijavua shati. Ningeweza kuyamwaga. Lakini nilikuwa na baridi, Anjum. Siku nane za baridi. Mtu mwenye baridi hafikirii sheria za waandishi. Nikaoga.

Hali yangu ni hii. Siumwi popote. Nimeshaoshwa, ila sijafa. Msikitini watu wananiitikia salamu, lakini safu ikipangwa wanaacha nafasi pale niliposimama, halafu mtu wa nyuma anasogea kuijaza, ananigonga, anaomba radhi, anasahau tena. Kuandika nimekuwa hodari kuliko nilivyowahi kuwa, na gazeti halinihitaji. Hayo nayavumilia. Moja silivumilii. Kila Alhamisi nilikuwa namwota mama yako, amekaa palepale kwenye ngazi ya darini anachambua dengu, hanitazami, lakini yupo. Sasa silali, kwa hiyo simwoni. Inakaribia miezi minne. Sikujua kwamba kulala kulikuwa ndiyo kazi yangu kubwa iliyobaki.

Ninachotaka ni kuoshwa upya, vizuri, na kwenda. Kwa hilo lazima nikusanye maranda upya. Naandika kutwa. Nimemwandikia kila mtu wa mtaa huu, walio hai na wasio hai. Nimepima jana, kikombe cha chai hakijajaa, na ule mfuko ulinichukua miaka sitini na saba. Nilijaribu udanganyifu pia, nikachonga mianzi bila kuandika. Maranda yale yanalowa yenyewe kwenye kisahani, hayashiki moto.

Najua unafikiria nini, maana nakujua. Usilete mfuko wako. Nakukataza. Maranda yako ni yako. Maji yakichemka kwa kalamu zako, hata yakimwagwa juu ya mtu mwingine, wewe ndiye utakayehesabiwa umeoshwa, na utabaki kama nilivyobaki mimi. Sijakukataza kitu tangu ulipopanda treni kwenda Karachi. Hiki nakukataza.

Talat nimeanza kumfundisha herufi zetu. Anashika kalamu kama mwiko. Lakini ana subira, na katika nyumba hii lazima abaki mtu wa kusoma.

Baba yako,
Ghayur Husain


Karachi, 20 Mei 1997

Talat,

Mzee Kewalram tena. Hataki kuandika barua hii. Nimenunua maua yake yote ya leo ndipo akakaa.

Bi Zakia, binamu ya marehemu mume wangu, anakuja Laknau kwa treni kwenye harusi ya mpwa wake. Mkononi atakuwa na mfuko wa kitambaa cha bluu uliofungwa kwa uzi mweupe. Huo ni wangu. Miaka arobaini na saba imo humo. Pokea, usimwonyeshe Baba. Mwambie umekuta maranda yake mengine ya ujanani nyuma ya kabati. Chemsha ndoo nzima, usibakize hata chembe, ili yasipungue.

Unajua alichonikataza, nadhani alikuambia. Sasa usianze kunipigia kelele kutoka huko. Nina miaka hamsini na minne. Mume sina, mtoto sina, wanaonihitaji ni wasichana sita wasiojua kunyoosha mstari. Baba yangu anataka kumwona Mama hata akiwa anachambua dengu, na mimi ninacho cha kumfikishia. Mimi niwe nimekaa Karachi na kuni mfukoni? La.

Na usidhani kwamba siogopi. Naogopa sana. Jana nilikata kucha zangu nikaziangalia muda mrefu kabla ya kuzitupa.

Fanya Ijumaa, baada ya swala, aende akiwa msafi.

Anjum Ara


Laknau, 30 Juni 1997

Dada Anjum,

Hii naandika mimi. Mkono ni wangu. Herufi ni zako na za Baba. Imenichukua siku kumi na moja, nimechana karatasi tisa, kwa hiyo usicheke.

Bi Zakia alifika. Mpakani askari wa forodha walifungua mfuko wakanusa. Mmoja akasema ni dawa za kulevya, mwingine akasema ni uchawi. Bi Zakia akawaambia, "Ni kuni." Wakamwuliza, "Mama, unabeba kuni kutoka Karachi?" Akasema, "Kwani za kwenu zinawaka?" Wakampitisha.

Nilikaa na mfuko huo wiki mbili. Nakuambia ukweli. Mara tatu niliutoa, mara tatu niliurudisha. Nilikuwa nakuona wewe. Lakini Alhamisi moja nilimkuta Baba amekaa chini ya ngazi ya darini, amejifunika uso kwa shali, anajaribu kulala. Kama mtoto anayejilazimisha. Macho yalikuwa wazi ndani ya shali. Kesho yake, tarehe 13, nilichemsha.

Moto haukutoa moshi. Nyumba nzima ilinuka waridi. Baba akaja mpaka mlango wa bafu, akasimama. Akasema, "Haya si yangu." Nikasema, "Ni yako, Baba, ya ujanani." Akasema, "Ujanani sikutia marashi kwenye wino, na mwanafunzi wangu mmoja tu alinikaidi akatia." Nilidhani ataipiga ndoo teke. Akakaa kwenye kigoda, akayatazama maji mpaka mvuke ukapungua. Mwishowe akauliza, "Yamekwisha kuchemka?" Nikasema, "Yamekwisha." Akasema, "Basi limekwisha tendeka." Halafu akasema, "Mtoto mkaidi." Alisema mara mbili. Akaoga.

Alipotoka aliomba tambuu. Nikamtengenezea. Akatafuna, akageuka kuniambia kitu, na midomo yake ilikuwa nyekundu. Dada, nililia pale pale. Akasema, "Nina usingizi." Akalala kitandani kwake, ubavu wa kulia, na kabla ya alasiri alikuwa ameshakwenda. Waoshaji walipofika, maji yaliyobaki ndooni yalikuwa bado ya moto, saa mbili zilikuwa zimepita. Wakaongeza majani ya mkunazi na kafuri, wakamwosha kwa hayo. Kinyozi Bundu alikuja kumuaga, akasema ndevu zimeota vidole viwili tangu asubuhi. Wasif alifika siku ya pili, kaburi likiwa limeshasawazishwa. Hajui lolote. Nimemwambia baba yake aliaga vizuri, na hilo ni kweli.

Juu ya mkeka kulikuwa na kikombe cha chai chenye maranda yake ya miezi sita. Nilimzika nacho.

Sasa wewe. Mfuko wako wa bluu ninao, mtupu. Nilitaka kuanza kukujazia, nikakumbuka sheria, ya kwangu hayakufai. Yanatakiwa yako, ya kalamu zako, na kalamu iwe imeandika kitu cha kweli. Mtu hawezi kuandika kitu cha kweli bila mtu wa kukisoma. Basi niandikie mimi. Kila wiki, kila siku ukitaka. Nieleze goti lako, wasichana wako, bei ya nyanya, chochote. Sasa nasoma mwenyewe. Baba alihakikisha kabla ya kwenda, na sasa naelewa alikuwa ananifundisha kwa ajili ya nani.

Niambie hali yako. Niambie ukweli.

Mdogo wako,
Talat


Karachi, 28 Julai 1997

Wifi yangu Talat,

Herufi zako zimelala kama walevi mtaroni, na nukta umezitapanya kama anayelisha kuku. Nimeisoma barua yako mara ishirini. Nimeibusu. Baba amekwenda, na amekwenda akiwa na midomo myekundu. Hilo linanitosha kwa mambo mengi.

Umeomba ukweli. Ijumaa ile tarehe 13 nilikuwa darasani, mchana, nikasikia maji ya moto yananishuka mgongoni kutoka utosini mpaka kisiginoni. Nikashika nguo, kavu. Wasichana wanasema nilinyamaza katikati ya neno. Tangu hapo goti haliniumi. Joto la Karachi la mwezi huu limewaangusha watu barabarani, mimi sitoki jasho. Kucha nilizokuandikia habari zake Mei hazikui tena. Jana nilipita kwa Mzee Kewalram, akanifungia maua, akasahau kwamba nimesimama, akamuuzia mwingine.

Mwandiko wangu nao, utaona mwenyewe. Sijawahi kuandika hivi. Wino ukikushika vidoleni usishtuke, uanike juani ukipenda, ila hautakauka.

Hii ndiyo kalamu yangu ya kwanza ya mfuko mpya. Nimeichonga asubuhi na maranda yake nimeyafunga kwenye leso, ni kidogo, yanajaa ukucha mmoja. Nimepiga hesabu. Mfuko wa kwanza ulinichukua miaka arobaini na saba. Wewe una umri wa miaka ishirini na sita.

Kwa hiyo kula vizuri, wifi. Vaa shali wakati wa ukungu. Usilale na nywele mbichi, usinywe maji ya bomba, ukisikia kikohozi nenda kwa daktari siku hiyohiyo, usingoje. Nitakuandikia kila Jumatatu. Jitunze sana, usife mapema, maana nikikukosa wewe sina mwingine wa kunisoma.

Wifi yako,
Anjum Ara